Kayumba au ya kulipia? Kuchagua shule Mtwara ukihofia mtoto kuonewa

Minada ya korosho ikishaanza na pesa kuonekana kwenye akaunti, vibaraza vya hapa Mtwara huacha habari ya bei ya kilo na kuhamia kwenye shule: nani anampeleka wapi Januari. Msimu huu wamenifuata wazazi watatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya ufaulu. Wawili watoto wao wanaonewa kwenye shule za serikali, wanataka kuwahamishia za kulipia. Wa tatu yuko kinyume: wa kwake anaonewa huko huko kwenye ada kubwa, anafikiria kumrudisha Kayumba, yaani shule ya serikali.

Wamenifuata mimi kwa sababu nimesomesha kote kuwili. Mkubwa wangu alimaliza la saba shule ya serikali, mdogo wake nikampeleka ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, zote ndani ya manispaa. Na wote wawili walionewa, kila mmoja kwa namna ya shule yake. Ndiyo maana sina ubavu wa kumwambia mtu "nenda huku, utapona". Ninachoweza ni kuziweka shule hizi kwenye mizani moja, kila mzazi apime na mwanawe.

"Utani tu huo, mama"

Huku kusini utani ni mila. Mtani anaweza kukuchekesha msibani, mbele ya jeneza, na hakuna atakayemnunia. Kwa hiyo uonevu umepata pa kujificha. Ukienda shuleni kulalamika, jibu la kwanza ni hilo: wanataniana tu.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na kuanza kulichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, alilipima kwa mambo matatu: mtu anakusudia kuumiza, anarudia, na anayeumizwa hana nguvu ya kujitetea. Kwa lugha ya kwetu mimi huliweka hivi: mtani wako unamrudishia. Mtoto anayeonewa harudishi, na kesho anaanza kuumwa tumbo asubuhi.

Wala lisikupe aibu likikufika. UNESCO ilipokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 2019, ilikuta karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi uliotangulia. Ukikutana na mwenye shule anayekuhakikishia kwamba kwake kitu hicho hakipo, ujue hajakitafuta.

Nimetumia vigezo vitano. Dakika ambazo mtoto hana mtu mzima anayemwona. Kinachomfanya alengwe. Nani wa kumwambia. Mzazi akilalamika anasikilizwa na nani. Na mwisho gharama, ikiwemo gharama ya kutoka ukishaona mambo hayaendi.

Dakika zisizo na mwenyewe

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho wazazi wengi hawakiulizi.

Shule ya serikali ina dakika hizo nyingi. Kuna njia ya kwenda na kurudi kwa miguu. Kuna mapumziko, ambapo mwalimu wa zamu ni mmoja na uwanja una mamia ya watoto. Kuna vyoo. Na kuna darasa lenyewe: kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45, lakini la mwanangu lilikuwa limepita 80, na watatu wa nyuma wanaweza kumfinya wa nne kipindi kizima bila ubao kujua.

Wangu alikuwa la tatu. Nilikuwa nampa shilingi 200 kila asubuhi, akanunue ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha wakati wa mapumziko. Siku moja akaniambia, "Mama, leo naomba mia nne." Nikauliza za nini. "Nataka mafungu mawili." Nikafurahi, nikasema mtoto ameanza kula. Lakini jioni akirudi, anaivaa sahani kama aliyefunga. Wiki ya pili nikajikokota hadi pale nje ya shule, nikamwamkia bibi anayeuza ming'oko, nikamuuliza kama mwanangu hununua kwake. Akanitazama kidogo. "Mwanangu, wako hajawahi kula hapa. Anakuja, analipa, wanakula wale wawili wakubwa. Yeye anabeba maganda." Mmoja wa hao wakubwa alikuwa kiranja.

Shule binafsi imeziba mianya mingi ya aina hiyo. Ina uzio na geti, darasa lina watoto wachache, chakula kinaliwa pamoja mbele ya walimu, hela ya mfukoni mara nyingi hairuhusiwi. Mtoto mdogo, mpole, asiyejua kusema, hapo anapata ahueni ya kweli. Lakini zipo dakika ambazo uzio hauzifikii, nazo ni za kwenye gari. Gari la shule likianza kuokota watoto Naliendele alfajiri na kuzunguka mitaa yote kabla ya kufika, wa kwanza kupanda anakaa humo karibu saa nzima. Dereva anatazama barabara. Siti za nyuma wanakaa wakubwa, na huko ndiko mdogo hunyang'anywa chupa ya maji, huko ndiko majina hutungwa. Ukienda kuulizia nafasi, usiishie kuuliza ada: uliza ndani ya gari kuna mtu mzima gani zaidi ya dereva, na anakaa mbele au nyuma.

Anaonewa kwa lipi

Kwenye shule ya serikali wengi wanafanana hali, kwa hiyo umaskini peke yake si habari. Analengwa aliye tofauti na wenzake: mgeni aliyehamia na wazazi watumishi na anaongea "Kiswahili cha Dar", mwenye ulemavu, mwenye ualbino, mwenye mwili mdogo. Kwa wavulana lipo na la kwetu, la jando. Likizo ikiisha, waliotoka jandoni hurudi shuleni na vifua mbele, na aliyebaki anaitwa msungo mpaka akome. Wazazi wenzangu wa kutoka bara huwa hawalielewi, wanadhani mtoto amekuwa mtundu ghafla.

Kwenye shule binafsi kipimo ni mali na lugha. Mkoba, viatu, gari lililokushusha. Mtoto aliyeteleza kwenye Kiingereza anachekwa na darasa zima, na zipo shule zinazomvisha kibao shingoni aliyekutwa anaongea Kiswahili, yaani mwalimu mwenyewe amewapa wenzake ruhusa ya kumzomea. Binti yangu alirudi siku moja analia kwa sababu ya madoa. Jumamosi alikuwa shambani kwa babu yake, akala mabibo, tunda la mkorosho, akiwa na shati la shule, na doa la bibo, kama unavyojua, halisikii sabuni wala jiki. Jumatatu wakamwita "shamba". Nilicheka kidogo, kwa siri. Hizo ada zote pale zinalipwa na mikorosho.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la ada yenyewe, na wakulima walizingatie. Pesa yetu ina msimu. Inaingia kati ya Oktoba na Januari, kwa hiyo awamu ya kwanza tunailipa vizuri na kifua mbele. Ikifika Juni na Julai, fedha yote imekwenda kwenye dawa ya salfa na palizi, na hapo ndipo awamu nyingine inapodaiwa. Shule ikasoma majina ya wanaodaiwa paredi, mbele ya watoto wote. Jina la binti yangu likawemo. Kuanzia siku hiyo akaitwa "Madeni". Si jina baya sana ukilisikia mara moja. Lisikie kila siku kwa muhula mzima.

Nani wa kumwambia

Siku hizi shule za serikali zina mwalimu wa malezi na unasihi, na baadhi zina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Kwenye karatasi ni vizuri sana. Kazini, mwalimu huyo huyo ana vipindi vyake na darasa la watoto 80. Nilipomweleza mwalimu wa mwanangu habari ya ming'oko, alinijibu kwa unyonge, si kwa dharau: "Mama, mimi hata majina yao yote sijayashika." Wengi hukimbilia njia fupi, nayo ni fimbo: wote wawili wanachapwa kwa kosa la kugombana, mwenye kuonewa naye humo humo. Mtoto aliyechapwa kwa kushtaki hashtaki tena. Kwa taarifa, Waraka wa Elimu Na. 24 wa 2002 umeweka kikomo cha viboko 4, mchapaji awe mwalimu mkuu au mtu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Unazihusu shule za aina zote.

Upande wa faida, mwalimu wa shule ya serikali ni jirani. Anaishi mtaani, ananunua samaki feri tunakonunua sisi, na watoto wanaomwonea wako ni wa nyumba ya tatu kutoka kwako. Hapo kuna dawa ambayo haiuzwi kwa ada, nitaisema mbele.

Shule binafsi mwalimu anamjua mtoto kwa jina, na kuna daftari la mawasiliano linalokwenda na kurudi kila siku. Akinuna siku mbili, wanaona. Kasoro yake ni kwamba walimu hawakai. Binti yangu alikuwa na mwalimu aliyemzoea na kumweleza kila kitu; tulipofungua muhula wa pili mwalimu hayupo, mkataba umeisha, na mtoto hakuwa na hamu ya kuanza hadithi upya kwa mtu mwingine. Jambo jingine linasemwa kwa sauti ya chini: mwalimu wa mkataba anafikiri mara mbili kabla ya kumkaripia mtoto wa mzazi anayelipa ada ya watoto wanne kwa mkupuo.

Ukilalamika, unasikilizwa na nani

Serikalini ngazi zinajulikana. Mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, kamati ya shule ambayo ndani yake kuna wazazi wenzako, kisha afisa elimu kata, kisha halmashauri. Ni safari, na kila ngazi inaweza kukuambia urudi kesho. Lakini hakuna anayeweza kukuambia "kama hupendi, mchukue mwanao", kwa sababu shule ni yako kama ilivyo yake.

La mwanangu halikuvuka ngazi ya pili. Mwalimu mkuu alimvua yule kijana ukiranja, basi, na nilishaanza kuona bora hivyo. Jioni ya siku ya pili nikasikia hodi. Mama yake mzazi, namfahamu kwa sura sokoni, amemshika mkono. "Dada, nimesikia. Nimemleta aseme mwenyewe." Kijana akasema, akiangalia vidole vya miguu. Kesho yake asubuhi wakaongozana na wangu kwenda shule, na wakaendelea kuongozana mpaka yule mkubwa alipomaliza. Shule binafsi isingeweza kunipa hilo, kwa sababu wazazi wa kule nawafahamu kwa namba za magari.

Lakini nisiidhulumu. Shule binafsi ikiamua, inaamua leo. Jirani yangu mtoto wake alipigwa chooni kwenye shule nyingine ya kulipia. Ndani ya siku mbili wazazi wa pande zote wakaitwa, aliyepiga akasimamishwa, na mfanyakazi mmoja akapangiwa kusimama karibu na vyoo kila mapumziko. Serikalini huyo mfanyakazi angetoka wapi? Tofauti ni kwamba uamuzi uko kwa mtu mmoja, meneja au mwenye mali. Mimi wa kwangu alikuwa na ulimi wa asali, "tutalishughulikia, mama", na majina yakaendelea kusomwa paredi. Wazazi wengi wanadhani ukifika hapo umegonga ukuta. Hapana: wathibiti ubora wa shule wanakagua za serikali na za binafsi pia, na ofisi ya elimu ya halmashauri haiwezi kukufukuza kwa sababu mtoto wako ni wa kulipia. Jambo likiwa la kipigo au la udhalilishaji, lipo dawati la jinsia na watoto la polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Gharama, na mlango wa kutokea

Tangu 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne kwenye shule za serikali haina ada, na tangu 2022 kidato cha tano na sita pia. Inabaki sare, madaftari na michango ya chakula. Ya binafsi kila mtu anaijua hali yake.

Ambacho hatukihesabu ni kutoka. Uhamisho wa mtoto wa msingi unapita kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, uitwao PReM, na shule anayotoka lazima ishiriki. Kwa mwenye deni la ada, safari hiyo inaweza kuwa ndefu, mtoto akabaki pale pale anapoonewa huku wakubwa wakivutana. Kabla hujaingia, soma kwenye fomu ya kujiunga wanasemaje kuhusu anayehama katikati ya mwaka.

Na bweni je?

Kwa darasa la nne kushuka mjadala umefungwa: waraka wa wizara wa 2023 ulizuia kulaza watoto wa awali hadi la nne, bweni linaanzia la tano. Juu ya hapo, ya serikali au ya binafsi, usiku ni mrefu na matroni ni mmoja. Anayeingia kidato cha kwanza ni njuka, atatumwa maji, atafua nguo za watu, na tranka lake litafunguliwa. Zipo shule zinazolaza njuka bweni lao peke yao kwa miezi ya mwanzo. Ukiipata inayofanya hivyo, ishike, iwe ya nani.

Linalonitisha kuliko bweni ni geto. Mtoto wa kijiji cha mbali amepangiwa shule ya kata, nyumbani ni mbali, wazazi wanampangia chumba karibu na shule akae na wenzake wawili. Huku Mtwara na Lindi ni jambo la kawaida. Hapo hakuna matroni, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna hata bibi wa ming'oko. Kama chaguo lako ni kati ya geto na bweni lenye kasoro, mimi ningechukua bweni.

Ukiwa kwenye hali hii

Mtoto ni mdogo, mkimya, au ana ulemavu unaohitaji uangalizi wa karibu, na unayo pesa ya mwaka mzima mkononi: ya binafsi ya kutwa itamsitiri, mradi umeridhika na gari lake. Pesa ya mwaka mzima, nasisitiza. Ukiwa nayo ya awamu moja na matumaini ya msimu ujao, zungumza na uhasibu mapema ulipe yote ya mwaka wakati wa mauzo. Zipo shule zinazokubali. Wakikataa, fikiria tena.

Mtoto ni mchangamfu, ana ndugu au watoto wa jirani shule ile ile, na wewe au bibi yake mko mtaani mchana: ya serikali inamtosha, na mtandao wa mtaa utamlinda kuliko uzio. Wazazi mkishinda shambani Oktoba hadi Desemba, mtafutieni wa kuongozana naye miezi hiyo hasa.

Tayari anaonewa na unataka kumhamisha: jiulize anaonewa kwa lipi. Kama ni kundi fulani la watoto, kuhama kunaweza kumwokoa. Kama ni kitu anachokibeba mwenyewe, kigugumizi, unene, woga, atakutana nacho na huko aendako, na kwenye Kiingereza kitaongezeka. Kwa wa namna hiyo mimi ningelimaliza kwanza jambo lenyewe pale alipo, kwa maandishi, nakala ibaki kwangu, kisha ndiyo nihame.

Anaingia kidato cha kwanza akitokea Kayumba na unamwazia sekondari binafsi: uliza wanafanyaje na watoto waliosoma kwa Kiswahili. Kama wana kozi ya miezi ya mwanzo kwa ajili yao, sawa. Kama wanachanganywa siku ya kwanza na waliokulia kwenye Kiingereza, atanyamaza miaka minne.

Na kama bado hujaamua, usiende siku ya wazazi, wakati kila kitu kimefagiliwa. Nenda siku ya kazi, muda wa mapumziko, ukae nje ya geti. Kwenye shule ya kulipia, wahi gari linapowasili, uangalie nani anashuka wa mwisho na anashukaje. Kwenye ya serikali, nunua ming'oko ya mia mbili, ule taratibu, na umuulize muuzaji wale wakubwa wanaolipiwa na wadogo ni wa darasa gani.